Kitabu cha Wageni: Shajara ya Kilwa Masoko

Jumatatu, 1 Julai 2024

Basi la Mbagala limeingia saa kumi na moja jioni na kushusha mgeni mmoja wa kulala kwangu. Ni binti wa miaka kama thelathini, mgongoni begi kubwa, kifuani begi dogo alilolikumbatia kama mtoto mchanga. Nilipomkaribisha alinijibu, "Asante Mama, shikamoo." Ni nesi kutoka Mexico. Amejitolea Dodoma miezi minne, na sasa anatembea pwani kabla ya kurudi kwao.

Nimempa kitabu aandike. Tangu nilipostaafu ualimu na kufungua nyumba hii ya vyumba vinane, kila mgeni huandika kwa mkono wake mwenyewe: tarehe, jina, kabila, kazi, anatoka wapi, anakwenda wapi, namba ya kitambulisho au pasi, chumba, sahihi. Kwenye safu ya kabila kalamu yake ilisimama. Wageni wengi wa nje huandika hapo jina la nchi yao. Yeye aliuliza, "Kabila ni watu wa bibi yangu?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana yake. Akaandika "Zapoteca." Bibi yake mzaa mama ni mtu wa milimani, jimbo la Oaxaca, na Kihispania alijifunza ukubwani. Nikamwambia mimi ni Mmatumbi, na bibi yangu naye hakuzaliwa na Kiswahili mdomoni. Hapo ndipo aliposhusha lile begi dogo akaliweka mezani.

Safari imemchosha. Somanga, pale mvua za Mei na Kimbunga Hidaya zilipokata barabara na kuwalaza abiria njiani, anasema gari lilipita taratibu na watu wote ndani wakanyamaza.

Baada ya kula alinionesha karatasi alizotumiwa na mama yake: tahadhari za usafiri ambazo serikali za Marekani na Uingereza huwapa raia wao kuhusu Tanzania. Mama huyo alipiga mistari kwa kalamu nyekundu kila palipo na neno uhalifu au ugaidi. Binti akaniuliza, "Mama, hapa ni salama?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: "Hapa hamna shida kabisa."

Sasa ni saa nne usiku. Jibu lile limenikaa kooni.

Jumatano, 3 Julai

Leo nimezisoma zile karatasi zote, polepole, kwa miwani. Mwanzoni nilikuwa na hasira. Mtu wa ofisini, mbali huko, anaandika kuhusu nchi yangu na kina mama wanapiga mistari myekundu. Nilipofika mwisho hasira ilikuwa imepungua, kwa sababu mengi yaliyomo ni kweli.

Ni kweli kwamba Dar es Salaam mgeni anaweza kuzoewa na mtu mcheshi kituo cha basi, akapakiwa kwenye teksi, wakaingia wengine wawili njiani, akazungushwa kwenye mashine za benki mpaka kadi ikaisha fedha. Ni kweli kwamba wenye pikipiki hupora mikoba, na anayeng'ang'ania kamba ya mkoba huburutwa barabarani. Ni kweli kwamba Waingereza wanawaambia watu wao wasiende ndani ya kilomita 20 za mpaka wetu na jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, bila sababu ya lazima. Hilo halikuanzia kwenye uvumi. Tarehe 14 Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Machi mwaka uliofuata walivamia mji wa Palma, upande wa pili. Waliouawa Kitaya walikuwa majirani zetu, wakulima.

Lakini nimetafuta mambo mawili ninayoyaogopa zaidi kwa ajili ya wageni wangu, nikayakuta kwa ufupi mno. Barabara na bahari. Katika miaka yangu kumi na moja ya kazi hii, mgeni wangu aliyevunjika mguu alianguka na bodaboda usiku. Aliyekaribia kufa maji alipanda ngalawa mchana wa kusi bila boya. Walioibiwa ni wawili: mmoja simu, mwingine viatu alivyoviacha mchangani. Hakuna aliyewahi kuguswa mwili wake na mwizi.

Jioni tulikaa kibarazani nikamwambia haya. Naye akanieleza ya kwao. Nchi yake Wamarekani wanaipima jimbo kwa jimbo. Majimbo sita wanawaambia watu wao wasikanyage kabisa: Colima, Guerrero, Michoacán, Sinaloa, Tamaulipas na Zacatecas. Majimbo mawili, Yucatán na Campeche, yako ngazi ya chini kabisa, tahadhari ya kawaida tu. Oaxaca kwao iko katikati. "Nikiwa Dodoma," alisema, "kila mtu aliniuliza ninaishije Mexico. Mama yangu kila siku ananiuliza ninaishije Tanzania."

Nilimuuliza yeye anajibuje. Akasema anawaambia wamtajie mtaa, saa, na nani anayemjua pale. Hapo ndipo anaweza kujibu.

Ijumaa, 5 Julai

Nimekwenda naye Kilwa Kisiwani. Nilitaka mwenyewe kuyaona magofu tena.

Kibali tulikata ofisi ya TAWA, mamlaka inayosimamia magofu, kisha tukashuka gatini saa mbili asubuhi. Miezi hii kusi huanza kupiga mchana, na mwenye akili huvuka mapema. Nahodha ninayemwamini, mtu mzima ninayemwita mjomba, alitupa maboya kabla hatujakaa. Binti alipofunga kamba moja tu, mjomba aliishika akaifunga ya pili na ya tatu, akaivuta kuijaribu, ndipo akagusa injini. Hakusema neno. Nimemwona akifanya hivyo kwa watoto wa shule, na nimemwona akifanya hivyo kwa mkuu wa wilaya.

Mbele ya Gereza, ile ngome ya kale, nilirudi kuwa mwalimu. Nilimweleza kwamba mwaka 1331 Ibn Battuta, mgeni kutoka Tangier, alishuka hapa, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman akampokea. Watu walimwita sultani huyo Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa akitoa. Mgeni yule alikula, akaswali, akaenda zake salama, na kwa kalamu yake ulimwengu umeijua Kilwa. Kisha mwaka 1502 akaja Vasco da Gama na mizinga, akamlazimisha mtawala kulipa kodi. Julai 1505, mwezi kama huu, Francisco de Almeida akashusha askari, mji ukaporwa, na Wareno wakajenga ngome hapo tulipokuwa tumesimama. Waliondoka 1512. Sehemu kubwa ya kuta zinazoonekana leo ni za Waomani waliokuja baadaye.

"Kwetu pia walikuja," alisema, naye akaweka kiganja ukutani.

Nimewaza jambo jingine njiani kurudi. Magofu haya yaliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaandikwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari na mvua vilikuwa vinayala. Tuliona aibu. Lakini mafundi walikuja, kuta zikashikizwa, mikoko ikapandwa, wanakijiji wakafundishwa kazi, na mwaka 2014 jina letu likatoka kwenye ile orodha. Kilwa haikutolewa kwa kulalamika kwamba wameionea.

Nina jambo la kuandika hapa kabla sijalala. Tulipokuwa tunashuka gatini asubuhi, kijana mmoja alikuwa ameegemea nguzo, akamsalimia binti kwa Kiingereza kizuri, akamuuliza kama ameshafika kisiwa cha Songo Mnara. Ninamjua kijana huyo. Tuliangaliana. Yeye akainamisha macho, na mimi nikapita.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Redio inatangaza maonesho ya Dar, na mimi nimeketi na mgeni anayelia.

Jana jioni, nilipokuwa msibani, kijana yule alimkuta pwani ya Jimbizi. Akamwambia ana boti, ana nahodha, na atampeleka Songo Mnara kwa bei nafuu bila usumbufu wa vibali. Anachohitaji ni fedha ya mafuta kwanza, shilingi 180,000, kwa simu. Binti akatuma. Leo saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mchangani na chupa ya maji na mkate. Saa mbili alikuwa bado yuko pale. Simu ya kijana imezimwa.

Hakuguswa, hakutishwa, pasi yake anayo. Mtu angesema ni fedha tu. Mimi nimemwona alivyorudi. Alipoingia mlangoni alikuwa amelikumbatia tena lile begi dogo.

Nami nijiandikie ukweli wote, kwa kuwa daftari hili ni langu. Mwezi wa pili kijana huyo huyo alimfanyia hivyo mgeni wa nyumba nyingine. Sisi wenye nyumba tulijua. Wenye boti walijua. Madereva wa bajaji walijua. Tulisema ni mtoto wa watu, mama yake anahangaika, anauza pweza, tusimharibie. Mama yake nilimfundisha darasa la nne. Yule mgeni wa kwanza aliondoka kimya na sisi tukashukuru kwamba hakwenda polisi.

Halafu nawaza lililo baya zaidi. Je, kama kijana angempeleka kweli? Kwa kiboti cha kuazima, mchana wa kusi, bila boya, bila jina lake kuandikwa popote? Leo tungekuwa tunatafuta mwili.

Jumatatu, 8 Julai

Tumekwenda polisi asubuhi, mimi na yeye. Tumechukua RB, ameandika maelezo, na mpelelezi kijana amekaa naye muda mrefu akimsikiliza bila haraka. Muamala unaonekana kwenye simu, saa na dakika. Jina lililotokea ni la mama wa kijana. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kabla hatujatoka nimeomba na mimi kuandika maelezo. Mpelelezi aliinua kichwa. Nikaandika kwamba kijana huyu namjua, kwamba nilijua la mwezi wa pili, na kwamba siku ya Ijumaa nilimwona akimzungumzisha mgeni wangu nikanyamaza.

Njiani nimemwambia binti hayo hayo. Nilijiandaa kwa hasira yake. Aliuliza tu, "Kwa nini uliniambia hamna shida?"

Nikamwambia: "Mwanangu, niliogopa ungeondoka."

Hilo ndilo jibu la kweli. Mwezi mzima vyumba vyangu vitano kati ya vinane vilikuwa vitupu. Barabara ilipokatika wageni walikata safari, na kila aliyefika nilitaka abaki. Nilimpa maneno matamu kwa sababu ya kitanda.

Jumatano, 10 Julai

Leo nimefungua kitabu cha mwaka 2017. Nilikuwa natafuta ukurasa mmoja na nimeukuta.

Mwaka ule, barabara ile ile aliyopita mgeni wangu, watu walikuwa wanakufa Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Wenyeviti wa vitongoji na vijiji, watendaji, askari. Watu wenye bunduki walikuwa wakigonga mlango usiku na kumwita mtu kwa jina. Tarehe 13 Aprili polisi wanane waliviziwa ndani ya gari lao wakauawa. Bodaboda zilipigwa marufuku kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ukisafiri kwenda Dar ulishushwa na kupekuliwa, ukapanda, ukashushwa tena. Tarehe 21 Novemba mwandishi wa Mwananchi, Azory Gwanda, aliyekuwa akiziandika habari hizo kutoka Kibiti, alichukuliwa na watu na hajaonekana hadi leo.

Shemeji yangu alikuwa mwenyekiti wa kitongoji upande huo. Alikuja kwangu usiku mmoja na nguo alizovaa, akakaa chumba namba tatu miezi minne. Nilipomletea kitabu aandike aliniangalia, akasema: "Dada, jina langu lisionekane popote." Nikakirudisha mezani. Nikaandika tarehe tu na namba ya chumba. Mstari wake mtupu upo hadi leo, kati ya mfanyabiashara wa ufuta na mwalimu wa Nachingwea.

Nimeutazama muda mrefu. Kitabu hiki nakiamini kuliko kufuli. Mgeni akipotea, kitabu kinasema alilala wapi na alikuwa anakwenda wapi. Lakini kulikuwa na mwaka ambao mtu wetu aliona salama zaidi akiwa hana jina. Ndipo nilipoelewa jambo hili: kujulikana kunamlinda mtu pale tu wanaomjua wanapokuwa tayari kusema. Kibiti watu walijulikana sana. Muuaji aliwajua, jirani alijua nani amepita usiku, na hofu ikawaziba wote midomo.

Sifananishi kijana tapeli na wauaji wale. Nasema ukimya wetu una sura moja, uwe wa woga au wa huruma. Anayefaidika nao ni yule yule mmoja.

Jumamosi, 13 Julai

Binti ameomba kuona Kilwa Kivinje. Tumekwenda kwa gari la jirani, tukatembea mtaa wa pwani, tukaona boma la Wajerumani linavyoanguka na milango ya nakshi iliyobaki.

Kuna mnara pale, kumbukumbu ya Wajerumani wawili waliokufa mwaka 1888. Walikuwa watu wa kampuni iliyotaka kuchukua pwani hii na ushuru wake, na watu wa Kilwa walipoinuka Septemba mwaka huo wote wawili waliuawa. Nilimweleza pia habari za Askofu Cassian Spiss, aliyeondoka Kilwa kuelekea bara wakati vita vya Majimaji vimeshaanza. Yeye na watawa wanne waliokuwa naye waliuawa tarehe 14 Agosti 1905 upande wa Liwale. Majina yao yameandikwa na wanaombewa. Ninawasikitikia. Walikufa njiani, mbali na kwao, na wawili kati yao walikuwa wanawake.

Lakini hapa hapa Kivinje ndipo aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, na wapiganaji wa Majimaji baada yake. Vita vile na njaa iliyofuata viliua watu wetu ambao Wajerumani wenyewe walikadiria 75,000, na wanahistoria wetu wamefika robo milioni na zaidi. Babu wa baba yangu ni mmoja wao. Hatujui kaburi lake.

Tulikaa kivulini tukila machungwa, ndipo akanisimulia jambo la mwaka huu huu kwao. Mwezi wa nne vijana watatu wa kigeni, ndugu wawili wa Australia na rafiki yao Mmarekani, walikwenda kuteleza kwenye mawimbi karibu na Ensenada, pwani ya Baja California. Waliuawa, na inasemekana wauaji walitaka matairi ya gari lao. Walitafutwa kwa nguvu zote, na siku chache baadaye miili yao ikapatikana ndani ya kisima. Chini yao kulikuwa na mwili wa nne. Huyo wa nne alikuwa amekaa humo kisimani kabla yao.

"Wageni ndio waliofanya yule apatikane," alisema. "Kwetu waliopotea na kuandikwa wamepita laki moja. Kina mama wanachimba wenyewe kwa majembe."

Nimerudi nyumbani na mwili ule wa nne. Watu husema serikali inawajali wageni kuliko wananchi, na wanasema kwa uchungu. Mimi naona hivi: pwani ambayo mama muuza pweza anatembea alfajiri bila hofu, mgeni naye atatembea. Pwani ambayo mwenyeji hupotea na hakuna anayeuliza, ulinzi wa mgeni ni wa kitambo tu. Hatuwezi kumwekea mgeni usalama wake peke yake, mbali na wetu.

Jumanne, 16 Julai

Tumekuwa na kikao chini ya mwembe wa mwenyekiti wa kitongoji. Wenye nyumba za wageni tulikuwa watano, manahodha saba, vijana wa bodaboda na bajaji zaidi ya kumi, na wanawake wa sokoni. Niliomba nianze mimi. Nikasema nilichoandika polisi. Palikuwa kimya, kisha nahodha, mjomba, akasema: "Mwalimu, na mimi nilijua. Alikuja kuniazima injini nikamnyima, lakini sikumwambia mtu."

Baada yake wakasema wengine watatu.

Tumekubaliana mambo manne. Kwanza, mgeni hapandi boti bila jina lake kuandikwa gatini na bila boya. Pili, hakuna nyumba itakayomwombea mgeni safari kwa mtu asiye na boti yake. Tatu, vijana wanaoongoza wageni wajiandikishe kwa mwenyekiti na wavae kitambulisho, na wale wasio na kazi wafundishwe historia ya magofu. Hilo nimejitolea kulifundisha mimi, jioni mbili kwa wiki. Nne, tukijua kisa tunakipeleka, hata kama ni mtoto wetu.

Mama wa kijana alikuja mwishoni. Alisimama pembeni mpaka nilipomwita. Akafungua pindo la kanga yake, fundo gumu alilolilegeza kwa meno, akahesabu noti mkeka mzima ukimwangalia: shilingi 90,000. Zilikuwa zinanuka pweza na moshi. "Nusu hii, Mwalimu," alisema. "Nyingine bamvua lijalo. Mwanangu sijui alipo."

Binti alitaka kuzikataa. Nikamshika mkono: "Zipokee, mwanangu. Ukizikataa utambakiza na aibu." Akazipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama alivyojifunza Dodoma. Mama yule akalia, nasi wanawake tukamzunguka.

Alhamisi, 18 Julai

Ameondoka na basi la alfajiri. Nimempeleka stendi mwenyewe, nikamkabidhi kwa kondakta ninayemfahamu, na nimempa namba ya mpwa wangu atakayempokea Rangi Tatu, Mbagala, ili asipande teksi ya mtu aliyemzoea njiani. Saa nane mchana amenipigia. Amefika, na mpwa wangu yuko naye.

Kwenye kitabu, safu ya "anakwenda," aliandika Oaxaca, kisha akaongeza kwa herufi ndogo: "kwa bibi."

Leo nimeandika karatasi ya kuweka vyumbani, kwa Kiswahili, na jirani mwenye Kiingereza ameitafsiri. Nainakili hapa ili nisije nikailegeza baadaye:

"Karibu Kilwa. Watu wengi hapa watakutakia heri, na wachache wanaweza kukutapeli. Usitume fedha ya safari kwa simu kwa mtu uliyekutana naye njiani. Uliza nyumbani kwanza. Vuka bahari asubuhi, vaa boya, hakikisha jina lako limeandikwa gatini. Usipande bodaboda usiku barabara kuu. Usiache vitu mchangani unapoogelea. Ukitaka kwenda kusini kuelekea Ruvuma, tuulize hali ya siku hiyo, nasi tutakuambia tunachokijua hata kama kitakufanya usiende. Ukidhulumiwa, tuambie. Tutakwenda nawe polisi. Na ukitusikia tunasema hamna shida, tuulize mara ya pili."

Kijana hajapatikana. Deni la shilingi 90,000 bado lipo, na mama yake amelitaja tena leo sokoni bila kuulizwa. Barabara ya Somanga bado si nzuri. Darasa la kwanza la vijana ni Jumatatu saa kumi jioni, na waliojiandikisha mpaka sasa ni sita.

Karatasi nimeibandika nyuma ya milango yote minane.